Upinde Usiofika Mita Moja

Mjini Dublin, nje ya jumba la makumbusho ya viumbe katika barabara ya Merrion, imesimama sanamu ya shaba ya daktari wa jeshi, Thomas Heazle Parke. Wapita njia humtazama yeye. Jambo lenyewe liko chini, kwenye bamba la msingi wake: mtu amemwinamia mwenzake, mdomo umebandikwa kifuani, anafyonza jeraha la mshale. Tarehe ni 13 Agosti 1887. Mahali ni Avisibba, kijiji kilichokuwa kando ya mto Aruwimi, juu ya maporomoko ya Panga, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Tshopo na ambayo njia zake zote huishia Kisangani.

Aliyefyonzwa ni luteni William Grant Stairs, Mkanada wa Halifax. Alikuwa katika kikosi cha mbele cha msafara wa Henry Morton Stanley uliokwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa kusini mwa Sudan. Kikosi kiliondoka Yambuya tarehe 28 Juni 1887 kikiwa na watu 389, wengi wao Wazanzibari, na bunduki ambazo mto ule haukuwahi kuona mfano wake. Wiki saba baadaye kikakwamishwa na vijiti. Mishale ya Avisibba ilikuwa myembamba, haina hata chuma. Ncha zake zilichongwa kwa mti uleule wa wano na kupakwa kitu kilichoganda kama ulimbo. Stairs alipona, ingawa kipande cha ncha kilikaa mwilini mwake zaidi ya mwaka kabla Parke hajakitoa. Baadhi ya Wazanzibari waliokwaruzwa tu begani au mkononi, ambao walicheka jeraha siku ya kwanza, walikufa siku chache baadaye, mataya yamekaza.

Stanley aliamini kwanza kwamba sumu ile ilitokana na sisimizi wekundu waliokaushwa, kwa kuwa vifurushi vyao vilikutwa kijijini. Parke hakuridhika, akaendelea kuuliza msituni. Mwaka 1891, akishirikiana na mtaalamu wa dawa za mimea E. M. Holmes, alichapisha orodha yenye magome, majani na mbegu. Humo mlikuwa na Strychnos, na mlikuwa na Erythrophleum, ambao msomaji wa Kiswahili anaufahamu kwa jina la mwavi: mti uleule ambao sehemu nyingi za Afrika watuhumiwa wa uchawi walinyweshwa maji yake ili kuamua kesi.

Hapo ndipo pa kuanzia historia ya upinde wa msitu huu, kwa sababu asiyejua habari ya sumu akiuona ukutani mwa makumbusho atadhani ni wa mtoto.

Upinde wa Waefe na Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri unaoanzia mashariki ya Kisangani na kuenea hadi karibu na milima, haufiki mita moja. Upinde mrefu wa Waingereza wa kale ulimzidi mwenyewe kimo. Huu unamfika kiunoni. Ufupi si upungufu. Msituni mtu hupita akiinama chini ya mizabibu pori, na silaha ndefu hunasa kila hatua. Wala hakuna mahali pa kupiga mbali: jicho haliendi mita nyingi kabla ya kukutana na jani. Upote si mshipa wa mnyama, maana mshipa ukilowa hulegea, na huku kulowa ni jambo la kila siku. Ni ukanda uliopasuliwa kutoka kekele, mmea uleule ambao mafundi wa Kisangani husukia viti na vikapu. Mshale hauna unyoya. Nyuma yake umepasuliwa na kuchomekwa kipande cha jani gumu, nalo latosha kuunyoosha kwa umbali mdogo unaokwenda. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto mpigaji hufunga kingo ya ngozi ya kima, upote usimchape unaporudi.

Hesabu gharama yake. Mti haununuliwi, kekele hainunuliwi, jani haliulizwi bei, na kima alitoa ngozi yake bila kuombwa. Mtu mwenye kisu na asubuhi moja anao upinde mpya. Ni vigumu kupata silaha ya kuwindia iliyo nafuu kuliko hii, na unafuu huo ulitokana na uamuzi mmoja wa kiufundi: nguvu isiwekwe katika mti. Upinde huu ni mwepesi kuvuta. Kazi yake ni kuupenyeza mshale ngozini tu. Kinachoua ni kile kilichopakwa.

Mishale ya sumu ni ya kima, wale wa juu kwenye vilele ambao akili ya kukimbia iko pamoja na macho makali. Mmoja wa mimea inayotumika ni mtambaazi uitwao Parquetina nigrescens, wa kundi lenye sumu zinazoushika moyo. Ulimwengu wa hospitali ulizigundua sumu za mishale za namna hii kwa njia ya kuchekesha, na Zanzibar imo katika kisa hicho. John Kirk, yule aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar na kumbana Sultani Barghash mwaka 1873 afunge soko la watumwa, alikuwa kabla ya hapo mganga katika safari ya Livingstone kwenye mto Zambezi. Mishale yenye sumu ya kombe aliiweka pamoja na mswaki wake. Siku moja akipiga mswaki akasikia uchungu mdomoni, kisha akashangaa mapigo ya moyo wake yamepungua. Baadaye, huko Edinburgh, Thomas Fraser aliitoa sumu hiyo katika mbegu za mmea wake, Strophanthus kombe, na wagonjwa wa moyo wakaanza kutibiwa kwa dawa iliyokuwa imewaangusha wanyama kwa miaka isiyohesabika.

Si kila Mwafrika wa Mashariki alichagua upinde mwepesi. Wawata wa Tsavo, ambao majirani waliwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde zenye uzito wa kuvuta uliozidi ratili 100, na sumu yao ya Acokanthera ilitengenezwa kwa ustadi na Wagiriama waliofanya biashara nayo. Walipokamatwa kwa wingi katika operesheni za miaka ya 1950 chini ya askari wa wanyamapori kama David Sheldrick, hao waliowakamata walizijaribu pinde zile na wengi wakashindwa kuzivuta hadi mwisho. Nyikani, tembo anaonekana kutoka mbali na ngozi yake ni nene. Nguvu na sumu vilitakiwa pamoja. Ituri haikuwa na haja hiyo.

Mtu wa tatu katika mlinganisho huu anatoka Missouri, Marekani. Holless Wilbur Allen aliomba hataza ya upinde wake mwaka 1966 na kuipata Desemba 1969. Katika ncha mbili za upinde alifunga magurudumu madogo ambayo kitovu chake hakiko katikati, na kuyazungushia waya. Baharia wa jahazi angelitambua wazo hilo mara moja: ni kapi, ile inayopandisha tanga. Upinde wa kawaida huzidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta, na mpigaji hutetemeka hasa wakati anapolenga. Upinde wa kapi huwa mzito katikati ya mvuto, kisha magurudumu yakishageuka uzito huporomoka, mtu akabaki ameshikilia theluthi yake au hata chini ya robo. Anaweza kungoja mpaka swala ageuze ubavu.

Wanaouza pinde hizi kwa bei nafuu, kwa dola mia tatu hadi mia tano pamoja na vifaa vya kuanzia, husifia zaidi ya yote kurekebishika kwake. Upo unaoanzia ratili 5 hadi 70, na urefu wa mvuto unaopanuka kutoka inchi 13 hadi 31, ili baba na mwana watumie mmoja na mtoto asiuache anapokua. Kiini chake ni alumini, mikono yake ni ya faiba, mishale yake ni ya kaboni. Unafuu, kwa maneno mengine, umepatikana kwa kuunda kifaa kimoja kinachomfaa kila mtu. Mwefe alifika kwenye unafuu kwa njia ya kinyume, kila mtu akijichongea wa kwake. Na tatizo la Allen, la kutetemeka wakati wa kungoja, hakuwa nalo kabisa. Mpigaji wa Ituri hangoji upinde ukiwa umevutwa. Mboloko anachomoka kichakani, mshale unaondoka papo hapo, na kama umekosa, umekosa.

Mboloko ni paa mdogo wa kijivu mwenye uzito wa kilo nne hadi sita, nyama ya kila siku ya msitu huu. Yeye na paa wenzake wakubwa zaidi huwindwa kwa mishale ya chuma isiyo na sumu, na kwa kawaida si na mtu mmoja. Hideaki Terashima, mtafiti wa Kijapani aliyekaa na wapiga mishale wa Andiri na kuchapisha kazi yake mwaka 1983, alieleza kwa kirefu uwindaji unaoitwa mota. Wanaume hujipanga kuzunguka kipande cha msitu, kila mmoja amesimama peke yake na haonani na jirani yake. Mwenye mbwa huingia upande wa pili akipiga kelele. Mbwa amefungwa kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa wa huku habweki, na bila kengele hakuna ajuaye yuko wapi. Mlio wa mti ukikaribia, mtu anaweka mshale kwenye upote.

Mbwa huyo ana historia yake, na si ya kujivunia kwa upande wa lugha yetu. Mwaka 1937 alionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts na Waingereza wakampenda. Jina lake rasmi duniani kote hadi leo ni basenji. Neno hilo ni lile ambalo misafara ya pwani iliwapachika watu wa bara: washenzi. Mbwa wa kishenzi amekuwa mbwa wa kifahari, analala kwenye makochi ya Ulaya, na mwenye kumwita hajui alichosema.

Mnyama akianguka, nyama ina wenyewe kabla kisu hakijatoka: aliyempiga mshale wa kwanza, aliyeongeza wa pili, mwenye mbwa. Hapo ndipo gharama halisi ya upinde inapoonekana. Mti ulikuwa bure, lakini kuwinda si kwa bure. Kulilipwa kwa mafungu, na anayekula fungu leo anadaiwa kesho.

Deni kubwa kuliko yote lilikuwa la chuma. Wawindaji hawa hawakufua. Chembe za mishale walizipata kwa wakulima wa pembeni mwa barabara, Walese, Wabira, Wabudu na wengineo, pamoja na ndizi, muhogo na chumvi. Uhusiano huo haukuwa wa dukani. Familia ya Waefe na familia ya Walese zilishikana kizazi hadi kizazi, mtoto akirithi mwenzake wa baba yake. Watafiti wa Harvard waliofanya kazi huko kuanzia mwaka 1980 walikuta kwamba zaidi ya nusu ya chakula cha Waefe kilitoka mashambani, kwa kubadilishana na nyama, asali na kazi ya mikono. Picha ya mtu wa msituni anayejitegemea kwa upinde wake, picha inayopendwa sana na wageni, inaanguka ukiuliza swali moja: ile ncha ya chuma umeipata wapi?

Wageni walipenda picha nyingine pia. Colin Turnbull, aliyeishi Epulu kwenye kituo alichojenga Mmarekani Patrick Putnam, alichapisha mwaka 1961 kitabu kilichosomwa ulimwengu mzima, na watu wake ni wa wavu, si wa upinde. Tangu hapo wengi wanadhani Wambuti wote ni wa nyavu. Ukweli ni kwamba msitu umegawanyika. Kaskazini na mashariki ni pinde. Reizo Harako, aliyelinganisha makundi hayo mawili, aliona kwamba upinde ndio wa zamani na wavu ulikuja na wakulima. Wengine walimpinga, na mabishano yalijaza majarida kwa miaka ishirini.

Kabla ya vitabu kulikuwa na majukwaa. Mwaka 1905 Mwingereza James Jonathan Harrison aliwachukua watu sita kutoka Ituri, wanaume wanne na wanawake wawili, akawapeleka London na kuwaonyesha kwenye ukumbi wa Hippodrome. Walizungushwa Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili, sauti zao zikarekodiwa kwenye santuri, na walipopumzika kwenye shamba la Harrison huko Brandesburton, Yorkshire, waliwinda humo kwa pinde zao. Inafikirisha: hakuna chui, hakuna mboloko, ila mshale ulikwenda vilevile.

Huku nyuma, kwenye mto Kongo wenyewe, bunduki ilikuwa imekwishaingia zamani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliijua nguvu ya mshale kwa mwili wake. Katika vita na chifu Nsama wa Itawa, miaka ya 1860, alijeruhiwa nao. Jibu lake lilikuwa baruti. Mwaka 1887 huko Zanzibar alitia saini mkataba na Stanley wa kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, naye kwa wakati huo alikuwa na maelfu ya watu wenye silaha katika maeneo hayo. Kiswahili cha mjini Kisangani kilikuja na watu hao. Lakini bunduki haikuufuta upinde, na sababu moja iliandikwa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Mwanakijiji aliachiwa magobori, na hata hayo kwa kibali. Utawala wa kikoloni, bila kukusudia, ulirefusha maisha ya upinde kwa vizazi viwili vitatu.

Agosti 1964 upinde ulirudi mjini. Waasi wa Simba waliingia Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, na pamoja na bunduki walizoteka walibeba mikuki na mishale, wakilindwa, kwa imani yao, na maji ya dawa yanayogeuza risasi. Askari wa serikali waliokuwa na silaha bora walikimbia. Si mishale iliyowakimbiza; ni hofu ya dawa. Mji ulikaa mikononi mwa Simba hadi 24 Novemba, ndege za Wamarekani zilipowashusha makomando wa miavuli wa Kibelgiji.

Baada ya hapo mpinzani wa kweli wa upinde alitokea, naye hakuwa na kishindo. Ni waya. Nyaya za chuma zilizofumuliwa kutoka kebo kuukuu hufanywa vitanzi, vikategwa kwenye mapito ya wanyama, vikaachwa. Mtu mmoja anaweza kutega vitanzi vingi na kurudi kulala. Waya hauhitaji mbwa, hauhitaji duara la wanaume, hauhitaji mafunzo ya utotoni, na mnyama anayenaswa hana mshale wa pili wala wa tatu wa kugawiwa. Yote ni ya mwenye waya, ikiwa atawahi kabla nyama haijaoza. Na wengi huozea humohumo. Ukitafuta silaha iliyoushinda upinde wa Ituri kwa unafuu, usiitafute kwenye madirisha ya maduka ya Missouri.

Kisangani ndiyo iliyoulisha waya. Mji umepita watu milioni moja na unakula nyama ya pori kwa desturi, ikiingia imekaushwa kwa moshi kutoka njia za Buta, Ubundu, Opala na Bafwasende, iliyo kilomita kama 260 mashariki. Inakuja kwa mitumbwi, kwa pikipiki, na kwa baiskeli zinazosukumwa siku kadhaa na vijana wenye miguu ya chuma. Bunduki ya kalibre 12 huleta kima. Waya huleta paa. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai vibali, na katika Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 kando ya Epulu, wakazi huruhusiwa kuwinda kwa njia za jadi katika maeneo yaliyotengwa huku waya ukikatazwa. Mtu anayetembea na upinde ndiye anayeonekana na mlinzi. Kitanzi hakionekani mpaka ukikanyage.

Hata hivyo kuna kazi moja ambayo waya haujaiweza. Kima hatembei chini. Bunduki inamfikia, lakini risasi ni ghali, na mlio mmoja hulitawanya kundi zima. Mpigaji wa mshale wa sumu husimama chini ya mti wenye matunda, shingo imepinda nyuma, akaachia mshale usio na sauti kubwa kuliko ya tawi linalokatika. Aliyepigwa hujikuna, huuvunja mshale, huendelea kutafuna. Wenzake hawajashtuka. Mpigaji huchomoa mwingine kwenye podo, akamchagua wa pili, na bado anavuta wakati wa kwanza anapoanza kulegea tawini.